"Mimi" wa Binyavanga ni Nani?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, insha za mwandishi kuhusu maisha yake huonekana nyepesi. Anasema "mimi", nasi tunaandika: mwandishi anasema. Hapo ndipo alama hupotea.

Mchukue Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa hapa Nakuru (1971–2019). Aliandika kwa Kiingereza, lakini mkusanyiko wa maandishi yake uliotolewa mwaka wa 2022, How to Write About Africa, unafaa sana kufundishia suala la nafsineni. Insha iliyoupa mkusanyiko jina ilitoka katika jarida la Granta mwaka wa 2005. Msemaji wake ni mshauri anayemfunza mgeni namna ya kuandika juu ya Afrika: atie machweo, atie njaa, wanyama awape utu na watu awanyime. Mtahiniwa akiisoma juujuu atajibu kwamba mwandishi analidharau bara lake. Kumbe mshauri huyo amebuniwa ili tumcheke. Kinaya kimo katika umbali kati ya aliyeshika kalamu na anayesema.

Pasipo na kejeli, umbali huo ni mgumu zaidi kuuona. "Discovering Home" ni masimulizi ya safari kutoka Cape Town hadi Kenya, kisha Uganda kwa ukoo wa mama yake. Mwaka wa 2002 yalishinda Tuzo ya Caine, ambayo ni tuzo ya hadithi fupi. Sasa ni insha au ni hadithi? Waachie wanafunzi wabishane. Ubishi huo una faida kuliko maelezo ya ubaoni. Safari hiyo ya Uganda inarudi katika tawasifu yake ya 2011, One Day I Will Write About This Place, inayoanza na mtoto wa miaka saba akidaka mpira nyuma ya nyumba yao, Nakuru. Anasimulia kwa wakati uliopo. Mtu mzima anajua yatakayotokea, ila amemwachia mtoto asiyejua aseme. Huo ni uamuzi wa mtunzi wa riwaya.

Katika Maisha Yangu, Shaaban Robert yeye husema kama mzee aliyekwisha kuyapima mambo, hata akatia humo tenzi za kuwausia wanawe. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo tunapomkuta mwandishi mwenyewe. Sikubaliani nao: sauti ya mzee nayo imechaguliwa.

Kwa hiyo, mtahiniwa, anza na "msimulizi". "Mwandishi" mtaje unapoeleza kwa nini alimchagua msimulizi huyo.