Namba ya Simu Ndani ya Wimbo

Shika simu ya kijana anayependa nyimbo za Kisukuma katika kata ya Kasekese, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, usome orodha ya nyimbo zake. Majina yaliyomo hayafanani na ya nyimbo za Dar es Salaam. Linatangulia jina la mwimbaji, linafuata la mtu aliyeimbiwa au la harusi, kisha studio, mwaka, na mara nyingi namba ya simu. Mgeni atasema hawa hawajui kuandika kichwa cha wimbo. Mimi nasema katika muziki wetu wa sasa ni kazi chache za kiufundi zilizofikiriwa vizuri kama hii, na inastahili kuchambuliwa kipande kwa kipande.

Kwanza soko lenyewe. Upande huu wa Katavi ni nchi ya Wabende na Watongwe, lakini kwa miongo kadhaa Wasukuma wamekuwa wakihamia na ng'ombe zao kutafuta malisho na mashamba, na nyimbo zao zikaja nao. Kule Usukumani vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana baada ya mavuno, kila kimoja na upande wake wa uwanja, na aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda. Mwimbaji hakuwa na kitu cha kuuza dukani. Alichouza ni kufika kwake. Uchumi huo haujafa. Mtu anaweza kuwajua waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala, Nelemi Mbasando au Kisima Majabala kwa simu tu, lakini kwa waimbaji wa aina hii fedha inayoshikika bado iko kwenye sherehe: kianzio kinachotumwa kwa simu, malipo ya siku yenyewe, na noti za watu wanaopanda kutuza. Kwa hiyo swali la prodyuza wa nyimbo hizi halikuwa namna ya kuuza faili. Lilikuwa hili: faili likishaponyoka, likanakiliwa na watu asiowajua, litamrudishaje mteja kwa mwimbaji?

Faili la mp3 lina mahali patatu pa kuandika jina. Kuna jina la faili. Kuna lebo za ndani, zile sehemu za msanii, albamu na mwaka zinazosomwa na programu za muziki. Halafu kuna sauti yenyewe. Kila pahali pana udhaifu wake. Lebo za ndani ndizo hupotea kwanza, kwa sababu vitochi vingi havizionyeshi, na mtu akigeuza video kuwa sauti kwa programu za bure mara nyingi lebo hubaki tupu. Jina la faili hudumu zaidi, na ndiyo maana kila kitu husukumwa humo. Jina la mwimbaji hutangulia kwa sababu kioo kidogo huonyesha herufi chache za mwanzo, na yanayofuata hukatwa. Hata hivyo fundi wa kijiweni, anayewaingizia watu nyimbo kwenye kadi, anaweza kulibadilisha kwa sekunde chache.

Sauti haibadilishwi hivyo. Sikiliza wimbo mmoja wa harusi mpaka mwisho: mwimbaji anajitaja, anataja kijiji, anamtaja baba mwenye shughuli na ndugu zake, na juu ya biti prodyuza amepachika jina la studio yake, tena na tena. Anayetaka kuyaondoa majina hayo itambidi auharibu wimbo. Kwenye video namba ya simu hukaa chini ya picha wakati wachezaji wanacheza. Haiachwi kwenye maelezo ya YouTube peke yake, maana video ikishapakuliwa na kuingia kwenye memori kadi, maelezo hayo hayaendi nayo.

Urefu nao una sababu. Mwimbaji huja studio na maneno. Prodyuza anamwekea ngoma na besi kwenye kompyuta, anaongeza gitaa au kinanda kinachozungusha kifungu kimoja kifupi, kisha maneno yanamwagwa juu yake dakika saba, nane, hata kumi. Bongo Fleva hubanwa ndani ya dakika tatu au nne kwa ajili ya redio na programu za kusikilizia. Wimbo wa Kisukuma haubanwi kwa sababu aliyeulipia anataka ukoo wake utajwe wote. Ukipunguza dakika, umepunguza watu.

Sasa fanya hesabu ya bando. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya mp3 ni karibu megabaiti moja. Wimbo wa dakika nane ni megabaiti nane hivi, na memori kadi ya gigabaiti 8 inabeba kama nyimbo elfu moja. Anayeuvuta upya kutoka mtandaoni mara 20 ametumia megabaiti 160. Aliyeingiziwa kwenye kadi, au aliyerushiwa na rafiki kwa Bluetooth, hakutumia hata moja. Minara imeongezeka vijijini, hasa tangu Halotel ilipoingia nchini mwaka 2015, lakini mnara kuwepo ni jambo moja na bando kuwepo ni jingine. Kwa hiyo mtandao humhudumia mtu mmoja mwenye kompyuta kijiweni. Yeye anapakua mara moja, anapanga folda kwa majina ya waimbaji, na baada ya hapo wimbo unasambaa kwa kadi, kwa sabufa za sola na kwa spika za bodaboda.

Wenye kampuni kubwa wamefika kwenye jibu hilohilo. Mdundo ya Kenya, iliyoingia kwenye soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, inawaachia watu wapakue mp3 na inapachika tangazo la sauti kwenye faili. Faili likirushwa simu hadi simu, tangazo linakwenda nalo. Tofauti ni kwamba Mdundo hubeba tangazo la mfanyabiashara mwingine, na mwimbaji wa Kisukuma anajitangaza mwenyewe, bila dalali wa katikati.

Dalali anaingia YouTube. Ili chaneli ianze kugawiwa fedha za matangazo kwa njia ya video ndefu, inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wa dakika tatu unahitaji kutazamwa mpaka mwisho mara 80,000 kuzifikia, na wa dakika nane mara 30,000. Urefu ule uliozaliwa na kutaja ukoo unageuka faida. Fedha zikifika dola 10, Google hutuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta, karatasi kabisa, kwenye anwani ya mwenye akaunti. Malipo hutoka zikifika dola 100. Anayehitajika hapo ni mtu mwenye sanduku la posta, akaunti ya benki na barua pepe ambayo anakumbuka neno lake la siri, na mara nyingi mtu huyo ni mwenye studio. Mwimbaji alilipia kurekodi, alilipia video, wimbo ukapandishwa kwenye chaneli ya studio, na mapato ya matangazo yakaingia kwa mwingine bila karatasi yoyote kati yao.

Hili linaniuma, kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki katika utunzi wake, na inamtambua pia mzalishaji wa rekodi. Wote wawili wana fungu. Kisichokuwepo ni makubaliano ya maandishi ya kila fungu ni kiasi gani. Ipo pia mirabaha, malipo ya kutumika kwa wimbo, lakini hufuata matumizi yanayoweza kuhesabika, na memori kadi iliyopita mikono kumi hakuna anayeihesabu. Ndiyo maana kwa mwimbaji wa Kasekese mkataba na studio una uzito zaidi kuliko mgao wowote wa mirabaha anaoweza kuutarajia leo.

Karatasi moja inatosha, imeandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji. Iseme chaneli ni ya nani na nani mwingine analo neno la siri. Iseme mapato ya YouTube yanagawanywaje, na nini kitatokea studio ikifungwa. Tena iseme ni namba ya nani itakayokaa chini ya picha. Hiyo ya mwisho iandikwe kwanza, maana namba ya studio ikikaa peke yake, mwenye harusi atapiga studio, na mwimbaji atakuja kuambiwa tarehe na malipo ambayo wengine wamekwisha kuyapanga.