Sauti Iliyoaminiwa: Leonard Mambo Mbotela na Ufundi wa Utangazaji

Barabara ya Malindi, inayotoka Bamburi kuelekea kisiwani Mombasa, hupita Kengeleni, njia panda iliyopata jina lake kwa kengele ya Frere Town, yaani makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS waliyaanzisha mwaka 1875 katika eneo la Kisauni kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hapo ndipo alipozaliwa Leonard Mambo Mbotela mwaka 1940, mjukuu wa mmoja wa waliokombolewa na mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kuyahifadhi kwa Kiswahili masimulizi ya wazee hao. Nyumba iliyothamini masimulizi kiasi hicho ilimlea mtu ambaye, tangu ajiunge na Sauti ya Kenya mwaka 1964 hadi kifo chake Februari 2025, alihesabiwa miongoni mwa watangazaji wakubwa wa Afrika Mashariki.

Sauti ya Kenya ni jina lililopewa redio ya taifa serikali ilipoitwaa, kabla haijawa tena Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, mwaka 1989. Na kwa kuwa redio za binafsi hazikuwako hadi miaka ya 1990, mkazi wa Bamburi na wa Turkana walipokea habari za siasa kutoka kinywa kimoja. Wasioifanya kazi ya kusoma taarifa ya habari hudhani ni nyepesi, maana msomaji hupewa maandishi yaliyokwisha kuhaririwa. Lakini ni yeye anayeamua pumzi ikatwe wapi ili sentensi ndefu isimpotee msikilizaji, ambaye hawezi kurudi nyuma kama msomaji wa gazeti. Jina la mtu au mji litamkwe vipi ili wenyewe wasijione wamedharauliwa. Na tangazo la msiba lipewe mwendo gani ili lisifanane na matokeo ya mpira. Kiswahili cha Mbotela kilikuwa cha pwani, ila alikipanga hata mtu wa bara aliyejifunzia lugha hii shuleni au sokoni akakifuata bila taabu, na huo ni ufundi, si kipawa tu.

Ni kweli kwamba redio ya serikali haikusema yote, na kwamba Mbotela, ambaye pia alihudumu katika kitengo cha habari za Rais enzi za Daniel arap Moi, alifanya kazi ndani ya mipaka aliyowekewa. Hata hivyo, thamani ya ufundi wake ilidhihirika Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa Jeshi la Anga waliojaribu kuipindua serikali, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walikuwa na silaha na walikwisha kukiteka kituo cha redio, lakini hayo hayakuwatosha: walimfuata Mbotela nyumbani kwake Ngara, Nairobi, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo, majeshi yaliyomtii Rais yalipokikomboa kituo, ni yeye tena aliyetakiwa kuwaarifu wananchi kwamba Moi angali madarakani. Pande mbili zilizokuwa zikiuana zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba bila sauti ile tangazo lingebaki uvumi. Na imani hiyo haikupatikana asubuhi ile, bali ilijengwa taarifa kwa taarifa kwa miaka 18.

Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966 na kudumu zaidi ya miaka 50, kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ilivyo desturi. Katika Mombasa ya zamani ungwana ulikuwa hadhi ya aliyezaliwa huru, na mtumwa, hata akikombolewa, hakuhesabiwa kuwa nayo. Mjukuu wa Frere Town akaufanya kuwa suala la mwenendo, linalompasa waziri sawasawa na utingo wa matatu. Alieleza tabia fulani ya nyumbani, barabarani au ofisini, kisha akauliza swali la kipindi na kumwachia msikilizaji ajibu. Kwa mtangazaji wa redio iliyozoea kupokeza maagizo kutoka juu, kuwauliza wananchi na kunyamaza ili wajijibu wenyewe kulikuwa uandishi wa habari za siasa wa namna yake, na pengine ndio alioufanya kwa uhuru mkubwa zaidi.