Kronografu na Risasi ya Risasi: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu Kimoja

Tumeletewa kijitabu kilichofasiriwa kwa Kiswahili, kinachomweleza msomaji namna ya kuchagua na kutumia chombo cha kupimia kasi ya risasi za bunduki ya hewa. Bunduki hizi hutumika sana katika michezo ya shabaha, hasa huko Ulaya, na mashindano yake ya mita 10 yamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1984. Huenda mwalimu au mtumishi wa serikali akauliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu makosa tuliyoyakuta humo ndiyo yale yale yanayokutwa katika maelezo ya dawa, ya mbolea na ya mitambo: mfasiri ameyafasiri maneno kabla ya kukijua chombo.

Tuanze na chombo chenyewe. Mfasiri amekiita "kronografu" kila mahali, na mara mbili amekiita "saa". Jina kronografu limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja la wakati na jingine la kuandika. Zamani lilikuwa na haki yake. Katika chombo cha Mbelgiji Le Boulengé, cha miaka ya 1860, risasi ilikata waya wa kwanza na fimbo ndefu ikaanza kuanguka. Ilipokata waya wa pili, fimbo fupi nayo ilianguka na kufyatua kisu kilichotia alama kwenye ile fimbo ndefu. Urefu hadi kwenye alama ulitoa muda. Chombo hicho kwa hakika kiliandika wakati. Cha siku hizi hakiandiki kitu. Kina macho mawili ya umeme yaliyoachana kwa umbali unaojulikana. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza hesabu ya muda huanza, ikipita juu ya la pili hukoma, nacho hugawanya umbali kwa muda na kuonyesha kasi. Ikiwa macho yameachana kwa sentimeta 30 na risasi inakwenda mita 240 kwa sekunde, muda huo ni sehemu 1.25 tu za elfu ya sekunde.

Kwa kuwa lugha yetu tayari ina kipimajoto, kipimahewa na kipimamvua, hatuoni sababu ya kutokuwa na "kipimakasi cha risasi". Wako watakaosema kwamba kronografu ni neno la kimataifa na limeandikwa juu ya sanduku dukani. Hoja hiyo ina uzito, nasi tungependa neno hilo litajwe mara moja mwanzoni ili mnunuzi asipotee. Lakini kronografu ni jina pia la saa ya mkononi yenye kupima muda wa mbio, na msomaji aliyeambiwa "saa" ataitafuta saa.

Pili, kasi. Kijitabu kinatumia "mwendo". Neno hili ni zuri, ila lina kazi nyingi: twasema kijiji kiko mwendo wa saa mbili, na hapo twataja umbali. Katika sentensi "pima mwendo baina ya macho mawili", msomaji hawezi kujua kama atumie rula au asome tarakimu. "Mwendokasi" nalo, tangu mwaka 2016, kwa mkazi wa Dar es Salaam ni basi. Neno "kasi" peke yake latosha.

Tatu, kuna kosa la hatari. Sehemu ambazo risasi hupita kati yake zimeitwa "skrini", na kioo kinachoonyesha tarakimu nacho kimeitwa "skrini". Kwa hiyo maagizo yanasema: "Elekeza mtutu kwenye skrini, piga, kisha soma skrini." Mwenye kutii maagizo hayo atakipasua chombo alichokinunua jana, na vipande vyaweza kumrukia. Tunapendekeza "lango la kwanza" na "lango la pili" kwa zile sehemu, na "kioo cha tarakimu" kwa kile kioo. Neno lango linafundisha matumizi bila maelezo: risasi ipite katikati, wala isipite upande, kwani ikipita mshazari husafiri njia ndefu zaidi na kasi itasomeka pungufu.

Nne, risasi. Kwa asili neno hili, lililotoka katika Kiarabu, ni jina la madini; baadaye likawa jina la kitu kinachotoka bundukini. Kijitabu kinaposema "tumia risasi isiyo ya risasi", msomaji atacheka, ingawa sentensi hiyo ni sahihi, maana ziko zilizotengenezwa kwa bati au zinki. Dawa yake ni nyepesi: mfasiri aandike "madini ya risasi" anapotaja madini. Lakini asikimbilie "marisau"; hayo ni yale madogo yatokayo mengi kwa pamoja, ilhali bunduki ya hewa hutoa moja moja.

Kosa kubwa kupita yote limo katika vipimo. Uzito wa risasi hizi huko Ulaya na Marekani hutajwa kwa greni, na greni 7000 ni ratili moja. Greni moja basi ni gramu 0.0648. Mfasiri ameandika "gramu" mahali pote pa greni. Aidha amesema "nguvu" palipotakiwa "nishati". Matokeo yake si madogo. Nchini Uingereza kanuni za mwaka 1969 ziliweka mpaka wa futi-ratili 12, yaani juli 16.27, kwa bunduki ndefu ya hewa. Ikizidi hapo, mwenyewe hana budi kuwa na cheti maalumu. Mpaka huo ni wa nishati, wala si wa kasi. Nishati ni nusu ya uzito kwa kilo mara kasi mara kasi. Risasi ya greni 8.4 ikienda mita 240 kwa sekunde ina juli 15.7, nayo ni halali. Andika gramu 8.4, na hesabu itatoa juli 242: mtu mwema amegeuzwa mhalifu na herufi chache. Kinyume chake, risasi ya greni 16 yenye kasi ndogo ya mita 190 ina juli 18.7, nayo imevuka mpaka. Anayeambiwa kwamba kasi ndogo ni salama amedanganywa.

Hata hivyo tusimnyime mfasiri sifa zake. Sura ya uchaguzi ameiandika vizuri: ameeleza kwamba macho ya umeme huhitaji mwanga ulio sawa, kwamba taa zinazomemeteka huyapoteza, na kwamba vipo vyombo vinavyotumia rada badala ya malango. Ushauri wake wa kupiga risasi kumi na kutafuta wastani, badala ya kuamini moja, ni wa kufuatwa. Penye kazi aliyoielewa, Kiswahili chake kimenyooka.

Ni maoni yetu kwamba kijitabu kirudishwe kwake, naye apewe chombo hicho akione kikifanya kazi, ndipo akisahihishe. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya "kipimakasi" na "lango", hasa wale wanaofundisha fizikia.