Wiki Mbili Kabla ya Kamera

Sidney Lumet alikuwa na miaka 83 filamu yake ya mwisho, Before the Devil Knows You're Dead, ilipotoka mwaka 2007. Ni filamu ya wizi. Ndugu wawili wa New York, Andy na Hank Hanson, wamebanwa na ukata, wanaamua kuvamia duka dogo la vito ambalo kila kona yake wanaijua, kwa kuwa ni la baba na mama yao. Andy anamhakikishia mdogo wake kwamba hakuna atakayeumia na hasara italipwa na bima. Asubuhi ya tukio, anayefungua duka si yule mfanyakazi mzee waliyemtarajia, ni mama aliyewazaa. Muda si muda mama yuko sakafuni na risasi mwilini.

Wengi huizungumzia filamu hii kwa usaliti wake, na usaliti kweli umejaa humo. Mimi huirudia kwa sababu nyingine. Waangalie wezi wenyewe. Andy ndiye mwenye mpango, lakini dukani haendi; anamsukumia Hank. Hank naye anaogopa, anamtafuta mtu wa tatu, Bobby, kisha anabaki garini amevaa nywele na masharubu ya bandia. Bobby anabeba bastola ya kweli ambayo haikuwa kwenye mpango. Hakuna hata mmoja aliyepita hatua kwa hatua katika jambo lile kabla ya siku yake. Na aliyetusimulia habari za watu hawa wenye pupa ni mtu ambaye maisha yake yote alikataa kuwasha kamera kabla ya mazoezi.

Desturi yake ilikuwa wiki mbili. Mara nyingi alikodi ukumbi wa jumuiya ya Waukraine kwenye Second Avenue jijini New York, jengo lisilo na fahari yoyote, akabandika utepe sakafuni: mlango hapa, kitanda pale, dirisha upande ule. Waigizaji walianza kwa kukaa mezani na kusoma, wakiuliza na kubishana, mpaka kila mmoja ajue anamtaka nini mwenziwe. Kisha wakainuka, wakatembea ndani ya mistari ile hadi miguu yenyewe ikazoea njia. Siku za mwisho waliicheza hadithi nzima tangu mwanzo hadi tamati, kama watu wa jukwaani, na mpiga picha akiwapo anatazama. Ndiyo maana kazi ilipoanza Lumet hakuhitaji kurudia rudia. Mara moja, mara mbili, basi, waende tukio linalofuata.

Aliipata wapi tabia hiyo? Nyumbani, kwa sehemu kubwa. Baba yake, Baruch Lumet, alikuwa mwigizaji wa tamthilia za Kiyidi, na Sidney alipanda jukwaani akiwa bado mtoto. Baada ya Vita Kuu ya Pili akaingia televisheni ya miaka ya 1950, enzi za michezo iliyorushwa moja kwa moja, ambapo ulimi ukiteleza umeteleza mbele ya taifa zima. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuyadharau mazoezi.

Filamu yake ya kwanza ya sinema, 12 Angry Men ya mwaka 1957, ni chumba kimoja na wanaume kumi na wawili wanaoamua kama kijana mmoja afe au aishi. Yeye na mpiga picha Boris Kaufman walianza kwa kuiweka kamera juu ya usawa wa macho. Kadiri mjadala unavyopamba moto, kamera inashuka, hadi dari nayo inaonekana. Lenzi nazo zinazidi kuwa ndefu, na kuta zinawasogelea watu wale. Mtazamaji haoni ufundi. Anaona tu kwamba pumzi inambana. Jambo la namna hiyo haliwezi kubuniwa papo kwa papo huku mafundi thelathini wakisubiri. Lazima lijulikane tangu siku ya kwanza litaishia wapi.

Miaka 50 baadaye, mkono ule ule uko katika tukio ninalolipenda kuliko yote katika filamu ya ndugu hawa. Gina, mke wa Andy, amemwambia kwamba anamwacha, na kwamba kwa muda mrefu amekuwa akilala na Hank. Andy hainui sauti. Mlango unafungwa, naye anabaki peke yake katika ile nyumba nadhifu ya gharama. Mwongozaji mwingine angempa vyombo vya kuvunja na kelele za kupiga.

Philip Seymour Hoffman, anayemwigiza Andy, anafanya nini? Anatembea. Anavuta shuka za kitanda bila papara. Anaangusha kitu hiki, anakigeuza kile, kama mtu anayefuata orodha. Halafu anachukua bakuli la mawe ya mapambo, anayamimina polepole juu ya meza ya kioo, jiwe baada ya jiwe, huku akiyasikiliza yanavyogonga. Uso wake haujakunjamana. Ile sauti ndogo ya mawe inanitisha kuliko mlio wa bastola dukani, maana hapo ndipo ninapomwona mtu amekwisha ndani kwa ndani.

Utulivu ule ni tunda la maandalizi. Mwigizaji asiye na hakika hujilinda kwa kelele. Anaogopa kwamba akinyamaza hatutamwelewa. Hoffman hakuogopa, kwa kuwa alijua Andy ametoka wapi na saa chache zijazo atafanya nini. Na kamera haikumrukia wala kumzunguka. Ilimwacha afanye kazi yake.

Lumet aliifanyia hadithi badiliko moja kubwa. Katika mswada wa Kelly Masterson wezi hawakuwa ndugu. Lumet ndiye aliyewafanya kuwa watoto wa tumbo moja. Kwa uamuzi huo, kila uongo uliokuwa wa wahuni tu ukawa jeraha la nyumbani. Wahenga wametuasa kwamba ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, lakini huo ni ushauri wa jirani. Baba hana shamba la kukimbilia. Albert Finney, ambaye Lumet alimpa nafasi ya mpelelezi Poirot mwaka 1974, sasa ni mzee Charles, anayefuatilia mauaji ya mkewe hatua kwa hatua hadi akamfikia mwanawe Andy. Hospitalini anazihamishia nyaya za mashine ya moyo ya Andy kifuani mwake mwenyewe, ili mlio usikatike, ndipo anapouchukua mto. Mikono ya Finney inalifanya tendo hilo bila kusita na bila haraka. Ingetetemeka zaidi ya kiasi, tungekuwa tumetazama kichekesho.

Siwalaumu watu wa leo kwa mashine zao. Lumet mwenyewe aliipiga filamu hii kwa kamera za kidijitali, akazisifu. Kilichotupotea ni ile fikra kwamba kazi huanza kabla ya kamera. Siku hizi tukio moja hupigwa na kamera nyingi kutoka kila upande, na mhariri ndiye anayekuja kuitafuta maana katika rundo lile. Waigizaji wa mume na mke hukutana siku wanayotakiwa kugombana. Hapa kwetu Dar es Salaam filamu nyingi zimepigwa kwa siku chache tu, mwigizaji akipewa maneno yake asubuhi ya siku hiyo hiyo, kisha tunamcheka kwamba anapiga kelele.

Lumet alifariki Aprili 2011. Hoffman alimfuata mwaka 2014, akiwa na miaka 46 tu, na Finney mwaka 2019. Walichokifanya hakikuhitaji fedha ambazo hatuna: ukumbi wa kukodi, utepe, viti, na siku kumi na nne za watu kukosea mbele ya wenzao bila aibu. Zipo bajeti zinazolipia magari ya kulipuliwa na helikopta ya siku nzima, na humo humo mazoezi ndiyo ya kwanza kukatwa. Lawama yangu ni kwa anayetia saini ratiba hizo. Kijana anayesimama mbele ya kamera bila kujua mlango wa nyumba yake uko upande gani hana kosa lolote.