Desibeli 13 za Scarlett mpya

Agosti 2023 kampuni ya Focusrite ya Uingereza ilitoa kizazi cha nne cha intafesi zake za Scarlett: Solo, 2i2 na 4i4. Kizazi cha tatu kilikuwa na miaka minne tu sokoni. Kwa anayerekodi chumbani kwake, mwenye 2i2 ya zamani inayowaka bila shida kila akichomeka waya wa USB, swali lilijileta lenyewe: niuze hii niongezee hela, au nitulie? Matangazo yametaja mambo mengi. La kuchambuliwa kwa uzito, kwa maoni yangu, ni gaini. Mengine tutayapitia kwa kadiri yanavyostahili.

Maiki hutoa umeme kidogo mno. Shure SM58 ikipokea sauti ya desibeli 94, ambayo ni karibu sawa na mtu anayeongea mdomo ukiwa karibu kabisa, hutoa takriban milivolti 1.9. SM7B, ile kubwa nyeusi wanayoipenda watu wa podikasti, hutoa milivolti 1.1 kwa sauti hiyo hiyo. Kondensa ya Rode NT1-A hutoa milivolti 25. Kazi ya priampu iliyomo ndani ya intafesi ni kuukuza umeme huo mpaka ufae kugeuzwa kuwa namba. Katika 2i2 ya kizazi cha tatu priampu ina gaini ya desibeli 56. Katika ya nne ina 69. Zimeongezeka desibeli 13, na ukizipima kwa volti ni zaidi ya mara nne.

Sasa ziangalie zile maiki tena. NT1-A inaizidi SM7B kwa takriban desibeli 27. Maana yake mwenye NT1-A anapata kiwango kizuri huku kitufe cha gaini kikiwa karibu nusu ya mzunguko, hata kwenye kifaa cha zamani. Desibeli 13 anazouziwa hatazigusa kamwe. Mwenye SM7B hali yake ni nyingine. Shure wenyewe wanashauri priampu yenye angalau desibeli 60 kwa maiki hiyo. Kwenye kizazi cha tatu anazungusha kitufe mpaka mwisho na bado, akiongea kwa upole, mawimbi kwenye skrini yanabaki membamba kama uzi. Huyo 69 zinamfaa kweli.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Husikia “priampu mpya” wakaelewa “kelele kidogo”. Kelele ya priampu ina kipimo chake, na Focusrite wanakichapisha: kizazi cha tatu ni -128 dBu, cha nne ni -127. Kwenye karatasi, kipya kimerudi nyuma kwa desibeli moja! Si jambo la kulalamikia, sikio halitaiona tofauti hiyo. Tena nafasi ya kuboresha imekwisha. Ukinzani wa ohmu 150, ambao ndio kawaida ya maiki, hutoa kelele yake wenyewe kwa sababu ya joto tu, takriban -131 dBu katika masafa ya sauti anayoyasikia binadamu. Hakuna fundi wa kuishusha hiyo, labda maiki uiweke kwenye friji. Priampu za bei ya kawaida zimeshaufikia ukuta huo, zimebakiza desibeli chache.

Basi ile kelele ya “ssss” kwenye rekodi zetu inatoka wapi? Tupige hesabu. Chukua chumba tulivu kweli, usiku wa manane, madirisha yamefungwa, feni imezimwa: tuseme desibeli 30. Hizo ziko 64 chini ya ile 94 tuliyotumia kupimia maiki. SM58 itazigeuza kuwa umeme wa takriban -116 dBu. Kelele ya priampu ni -128. Chumba kinaishinda priampu kwa desibeli 12. Kwa SM7B inakuwa takriban -121, na bado chumba kiko mbele kwa 7. Halafu weka chumba cha Sinza au Umoja saa kumi jioni, feni inazunguka, bodaboda wanapita, jirani anakaanga vitumbua na redio juu: 40 ni makadirio ya huruma, na pengo linapanuka kwa 10 nyingine. Ni kweli maiki ya kadioidi hupunguza yanayotoka nyuma na pembeni, lakini haiwezi kulifuta pengo la namna hiyo. Unachokisikia kwenye hedifoni ni nyumba yako.

Usiamini hesabu yangu peke yake, kwa kuwa inapimika kwa gharama ya soda. Nenda kwa fundi wa redio akuuzie plagi ya XLR na rezista ya ohmu 150, akuungie rezista hiyo kati ya pini ya 2 na ya 3. Zima umeme wa volti 48, isipokuwa wakati wa kurekodi maiki ya kondensa. Weka gaini pale unapoweka kila siku, chomeka maiki yako, nyamaza, rekodi dakika moja. Chomoa maiki, chomeka ile plagi, usiguse gaini, rekodi dakika nyingine. Linganisha viwango viwili kwenye programu yako. Rekodi ya maiki ikizidi ya plagi kwa desibeli 10 au zaidi, intafesi haina kesi ya kujibu. Hela peleka kwenye mapazia mazito na godoro nyuma ya mwimbaji. Zikikaribiana, na maiki yako ni dainamiki yenye sauti ndogo, hapo unayo sababu ya kutazama kifaa kingine. Ukiwa bado umekaa hapo, chomoa chaja ya laptopu urudie. Mlio mwembamba ukitoweka pamoja na chaja, tatizo ni umeme, na intafesi mpya inayokula umeme wa USB hiyo hiyo inaweza kukuletea mlio ule ule.

Zipo pia namba za kigeuzi. Kizazi cha tatu kiliandikiwa upana wa desibeli 111 kwenye maiki. Cha nne 116, na upande wa kutoa sauti 120. Ni maendeleo halali ya uhandisi. Ila mwimbaji anayefikia 110 mbele ya maiki, katika chumba chenye kelele ya 40, anahitaji upana wa 70. Vifaa vyote viwili vinamwachia nafasi ya kumwaga. Ucheleweshaji nao usikudanganye: vyote ni USB 2.0, na ukiweka bafa ya sampuli 256 kwa 44,100 utangoja karibu milisekunde 6 kwa kila upande kwenye chochote kati ya hivyo. Na hicho kitufe cha Air, kilichobuniwa kuiga priampu ya ISA aliyoichora Rupert Neve kwa ajili ya AIR Studios ya George Martin, kazi yake kubwa ni kuinua masafa ya juu. Ikwalaiza inafanya hivyo bure.

Kilichonivutia zaidi kiko kwenye kitufe cha gaini chenyewe. Kwenye 2i2 na 4i4 za kizazi cha nne kitufe hicho kinatoa amri tu, na priampu inaongozwa kidijitali. Hapo ndipo zilipopatikana Auto Gain na Clip Safe. Ya kwanza inakusikiliza ukiimba kwa sekunde kumi kisha inapanga kiwango. Ya pili inashusha gaini yenyewe mwimbaji anapokaribia kupasua sauti. Prodyuza mwenye mkono wa kukaa mezani na macho kwenye mita hazihitaji. Lakini mtu anayejirekodi peke yake, amesimama mbele ya maiki, laptopu iko mita mbili nyuma yake, na ubeti mzuri kuliko zote ndio alioupiga kelele kuliko zote? Huyo Clip Safe itamwokolea kazi ambayo hakuna programu ya kuifufua. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi imekwenda. Kama ningekuwa wakala wa duka, hiki ndicho ningekisema kwanza.

Tahadhari moja kabla ya kulipa. Solo ya kizazi cha nne ina sanduku la rangi ile ile na jina lile lile, lakini gaini yake ni 57, na haina Auto Gain wala Clip Safe. Anayeuza 2i2 ya tatu akanunua Solo ya nne kwa ajili ya SM7B yake amebadilisha kasha na kupoteza tundu moja la maiki.

Bei ya 2i2 mpya ilipotoka Marekani ilikuwa dola 199.99. Cloudlifter CL-1, kile kisanduku cha buluu kinachoongeza hadi desibeli 25 kwa kutumia umeme wa volti 48, kwa muda mrefu kimeuzwa dola 149. Hesabu ya mwenye SM7B ni nyepesi basi: akiiuza ya zamani kwa bei ya haki na kununua mpya, nyongeza anayotoa ni ndogo kuliko bei ya kisanduku, na Clip Safe anaipata juu yake. Ambaye intafesi yake ni ya FireWire naye abadilishe bila kujadili, maana Mac mpya hazina tundu hilo.

Mwenye kondensa, au anayeanza tu, amtafute huyo anayeuza 2i2 ya tatu. Aende na hedifoni na maiki yake. Azungushe kila kitufe polepole huku akisikiliza mikwaruzo, awashe volti 48 kwenye matundu yote mawili, na autikise waya wa USB ukiwa umechomekwa. Sauti ikikatika, tundu limelegea, na bei ishuke au aondoke.