Namna Sverdrup Alivyoupanga Upya Mtaala wa Bahari

Mwaka 1936, Harald Sverdrup, mwanachuoni wa Kinorwe aliyekuwa mkuu wa uchunguzi wa kielimu katika safari ya merikebu Maud kwenye barafu ya kaskazini, aliposhika uongozi wa Taasisi ya Scripps huko La Jolla, California, alikuta jina limeitangulia kazi. Kwani ijapokuwa tangu 1925 taasisi ile ikiitwa ya elimu ya bahari, asili yake ilikuwa uchunguzi wa viumbe, na wanafunzi wake wachache aghalabu walifuata kila mmoja shughuli ya mwalimu wake, pasipo masomo ya kuwakutanisha.

Sverdrup hakurundika masomo mapya juu ya yale ya zamani. Alipanga milango minne, yaani fizikia ya maji, kemia yake, viumbe vyake, na ardhi na mashapo ya chini yake, akataka mwanafunzi aipitie yote kabla ya kujifunga na mmoja. Na kwa rai yangu sharti hilo ndilo lililokuwa kiini cha mageuzi yote.

Sababu yake huonekana dhahiri katika chupa ya Nansen, chombo cha zama zile cha kuchotea maji ya kilindini. Chupa hiyo huteremshwa kwa waya hali iko wazi pande zote mbili, kisha kipande kizito cha shaba huachiwa kiteleze juu ya waya mpaka kiigonge, nayo hupinduka na kujifunga, na kipimajoto kilichofungwa ubavuni hushika joto la kina kile kile. Maji yakifika juu, mkemia huyapima chumvi kwa myeyusho wa fedha. Naye mwanafizikia, kwa chumvi ile na joto lile, hukokotoa uzito wa maji, na kutokana nao mwendo wa mkondo. Na mkondo huo ndio uchukuao mayai ya samaki anayoyatafuta mtaalamu wa viumbe. Nani basi angestahili shahada ya bahari kwa kujua kipande kimoja tu cha mnyororo huo?

Mtaala pasipo chombo ni karatasi. Mashua ya taasisi iliripuka na kuteketea mwaka ule ule wa 1936, na jahazi E. W. Scripps, lililopatikana 1937, ndilo lililowatoa wanafunzi pwani hadi bahari kuu. Kisha 1942 kikatoka kitabu The Oceans, chenye kurasa zaidi ya elfu moja, alichokiandika pamoja na Martin Johnson, mtaalamu wa viumbe, na Richard Fleming, mkemia, nacho kikauchukua mpango ule hadi vyuo vingine.

Gharama ilikuwapo: aliyependa viumbe alilazimika kuvumilia hesabu nzito. Hata hivyo naona ilistahili kulipwa, na mizani ni ile ile katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, iliyoasisiwa 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi atakaye kujua kwa nini mwani wa kotonii hufa mashambani hana budi kupima joto la maji machache yabakiayo bamvua linapokupwa mchana, na chumvi yake baada ya mvua za masika, kabla hajauleta ugonjwa chini ya darubini. Na mtaala utakaomwondolea fizikia ya maji ili kupisha somo jipya la sera utamfikisha shambani bila kipimo anachokihitaji kwanza.