Kukipima Kiota cha Korobindo

Anayetaka kutambua kiota bora asikimbilie kinachopendeza macho. Kwenye migunga ya nyanda kavu za Mbulu na Hanang utakuta furushi la nyasi kavu ambalo wengi hulitazama mara moja na kulidharau. Ni kazi ya korobindo mkia-mwekundu (Histurgops ruficauda), ndege wa sentimita 21 hivi, kahawia, mwenye kifua cha magamba-magamba, macho ya samawati iliyopauka na wekundu wa kutu unaojitokeza mkiani anaporuka. Hutembea kwa makundi, akiokota mbegu na wadudu ardhini. Karibu wote wanaishi kaskazini mwa Tanzania, wachache tu wakiwa kusini-magharibi mwa Kenya, na hana ndugu mwingine katika jenasi yake. Ajabu ni kwamba watu husafiri kutazama simba eneo hilo hilo wakampita huyu bila kumwuliza jina.

Anayesifiwa kwa kiota chake ni mnana wa manjano. Dume huchanja ukingo wa jani la nyasi kwa mdomo, akalishika na kuruka, utepe mrefu ukachanika. Kwa nyuzi hizo mbichi hufuma pete, akasimama ndani yake na kuendelea kusuka chumba mbele yake, mzingo kwa mzingo, fundo kwa fundo. Basi kipimo chake ni ubichi na mkazo. Jike mwenyewe huingia, akavutavuta nyuzi kwa mdomo. Kiota kilichokwisha kugeuka kahawia hukataliwa, na mara nyingi dume hukibomoa mwenyewe.

Atakayesema hii ni silika tu, hivyo hakuna ufundi wa kupimwa, ana jibu lake. Nicholas na Elsie Collias, waliomchunguza mnana Ploceus cucullatus kwa miaka mingi, walionyesha kuwa dume mchanga husuka ovyo na hupata ustadi kwa mazoezi. Silika humpa hamu ya kusuka. Mkono mwepesi huja baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kusuka ndio ustadi, si korobindo ameshindwa? La. Yeye hutumia mabua makavu, ambayo ukiyapiga fundo yanavunjika. Huyachomeka moja baada ya jingine yakashikana kwa wingi wao, kama mwezekaji anavyochomeka nyasi paani. Kutafuta fundo hapo ni kumdai asichoahidi. Tazama unene wa paa, kisha kama mabua yameshikana au yananing'inia, na kama tawi lina miiba ya kutosha. Tazama kutoka chini, wala usikate tawi. Kwa kipimo hicho, furushi lenye paa nene lililoshikamana vema mgungani ni kazi bora kuliko kiota cha mnana kilichosukwa kwa nyuzi zilizokauka, hata kama hicho cha pili ndicho kitakachopigwa picha.